Tuta la kale: namna ya kulisoma kabla hujatangaza limejengwa na nani

Ngoja nianze na aibu yangu mwenyewe. Kuna usiku nilikesha kwenye picha za satelaiti nikaona duara moja safi kabisa limeinuka katikati ya shamba, pembeni lina kivuli kama cha mtaro, nikasema basi leo nimepata kaburi la mtawala ambalo hakuna mtu analijua, nikachora mchoro, nikaandika mpaka kurasa tatu za maelezo. Siku nimefika pale mwenye shamba akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, alafu akaniambia kijana, hiki ni kifusi cha bwawa, tulilichimba mimi nikiwa na umri kama wako, udongo tukaurundika hapa. Bwawa lenyewe lilikuwa hatua kama hamsini tu kutoka pale na mimi nilikuwa nimelipita bila hata kuliangalia.

Tokea siku ile swali la "nani alijenga" naliweka mwisho kabisa. Tuta la udongo halina maandishi, halina mlango, na udongo ni udongo tu, mtu wa miaka 4,000 iliyopita na trekta la juzi wanaweza kuacha umbo linalofanana. Hapa naeleza namna ninayofuata mimi nikikutana na tuta ambalo asili yake haieleweki, na sehemu kubwa ya kazi hii unaifanya bila kushika jembe.

Lipasue swali kwanza

Watu wengi wanakwama hapa. Wanauliza "tuta hili ni nini" kana kwamba jibu ni moja, wakati kuna maswali kama matano yamejificha humo humo. Ni la watu au la asili? Kama ni la watu, udongo wa kwanza uliwekwa lini? Lilipanda kwa mara moja au kidogo kidogo kwa miaka mingi? Waliolianzisha walikuwa wanalitaka kwa kazi gani? Na waliokuja baadae walilifanyia nini? Kila swali lina ushahidi wake, na unaweza kuwa na jibu zuri la moja huku mengine yote ukiwa gizani, hakuna ubaya.

Angalia kilima cha Marlborough kule Uingereza, kiko ndani ya eneo la shule, kimo chake kama mita 19. Kwa muda mrefu kilihesabiwa kuwa kilima cha ngome ya Wanormani, wale waliotoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, yani kimejengwa baada ya mwaka 1066, na ni kweli ngome ilikuwepo juu yake, nyaraka zipo. Wakaja wataalamu wakashusha mabomba membamba katikati wakatoa sampuli za udongo, na mwaka 2011 majibu ya mkaa uliokuwa ndani yakatangazwa: karibu 2400 KK. Manake Wanormani walikuta kilima kimeshakaa pale zaidi ya miaka 3,000 wakajenga juu yake, na karne nyingi baadae tena kikageuzwa pambo la bustani, wakakichongea njia ya kuzunguka mpaka kileleni. Kwahiyo ukiuliza ni ngome au tuta la kale au bustani, jibu ni ndiyo mara tatu. Skipsea, kule kule Uingereza, ni hadithi hiyo hiyo, watu walikuwa na uhakika ni kazi ya Wanormani na mwaka 2016 ikaonekana ni la Zama za Chuma, karibu 500 KK.

Funzo la kikazi hapo ni kwamba kitu kilichopo juu ya tuta kinakwambia nani alilitumia mwisho, hakikwambii nani alilianzisha.

Washukiwa wasio binadamu

Kabla hujawapa watu sifa, hakikisha sio kazi ya mchwa. Sitanii. Kaskazini mashariki mwa Brazili kuna vilima kama milioni 200, kila kimoja kimo kama mita 2.5 na upana kama mita 9, vimepangwa kwa nafasi karibu sawa sawa kwenye eneo kubwa kama nchi nzima, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha ni udongo uliotupwa nje na mchwa waliokuwa wanachimba njia chini ya ardhi, na baadhi ya vilima hivyo vina umri wa karibu miaka 4,000. Sasa mtu akiona vitano tu kati ya hivyo kwenye picha lazima aseme makaburi. Dalili iliyowasaliti ni ile nafasi: makaburi ya watu hujikusanya, hufuata njia au kingo za mto, yanakuwa makubwa kwa madogo, lakini vitu vinavyogombania eneo kama koloni za wadudu au mimea hujipanga kwa umbali unaolingana.

Kule jimbo la Washington, Marekani, kuna vilima vya Mima, vifupi, kimo kisichozidi mita 2 na kitu, vingi mno. Msafara wa Charles Wilkes, afisa wa jeshi la maji la Marekani, ulipita mwaka 1841 wakadhani ni makaburi, wakafukua vichache, hawakukuta mifupa. Mpaka leo watu wanabishana, wengine wanasema ni fuko wa kule, wengine matetemeko, wengine maji na mimea, lakini hata hao wanaobishana wote wanakubaliana kwamba sio makaburi. Unaona, unaweza kufunga swali la kwanza vizuri hata kama la pili liko wazi.

Kagua pia upepo (chungu za mchanga zilizoota nyasi), mito ya barafu ya kale ambayo huacha vilima virefu vimelala upande mmoja kama samaki kwenye meza ya soko, maporomoko, chemchemi zinazotema chumvi na matope, na mwamba mgumu uliobaki baada ya udongo laini kuliwa na mvua. Huyu wa mwisho ndo anawadanganya watu sana kwa sababu anaweza kutoa pande bapa kabisa. Kilima cha Visočica huko Bosnia kilitangazwa mwaka 2005 kuwa piramidi, watalii wakamiminika, na wataalamu wa miamba wakasema ni tabaka za asili zilizopinda na kuinuka zikapata pande zile, Jumuiya ya Wanaakiolojia wa Ulaya ikatoa tamko la kupinga mwaka 2006. Pande zilizonyooka peke yake hazithibitishi kitu, mawe nayo yanajua kunyooka.

Na makosa yanaenda pande zote mbili. Monks Mound, lile tuta kubwa la mji wa kale wa Cahokia pale Illinois, Marekani, lenye kimo cha kama mita 30, mwanzoni mwa karne ya 20 kuna wasomi waliosimama kidete kwamba ni masalia ya asili tu yaliyochongwa na mto. Leo inajulikana lilipandishwa na watu kwa mikono na vikapu, kazi ikaanza kati ya karne ya 10 na ya 11. Kwahiyo usiwe yule mtu anayesema "asili" kila mara ili aonekane makini.

Lizunguke kwa miguu

Nenda asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini, kwa sababu kivuli ndo kitakuonyesha vitu ambavyo saa sita mchana havionekani kabisa. Kama eneo lina data za laida za bure (ile miale ya leza inayopigwa kutoka kwenye ndege na kupenya katikati ya majani) pakua uangalie kabla ya kwenda, utashangaa.

Ukifika usipande juu moja kwa moja. Zunguka mbali, alafu karibu, alafu ndo upande. Angalia mteremko: udongo uliomwagwa tu hutulia kwenye nyuzi kama 30 hadi 35, na miaka ikipita mvua inaushusha unazidi kulala. Tuta linalodaiwa la kale sana lakini bado limesimama wima, basi ama lilijengewa ukuta wa mawe au magogo ndani, ama lilikarabatiwa, ama sio la kale. Na tuta lililolala sana sio lazima liwe lilijengwa hivyo, kulima peke yake kunalila. Lile alilofukua Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, huko Virginia kwenye miaka ya 1780 lilikuwa na kipenyo kama cha mita 12, na kulima kulikuwa kumeshalipunguzia zaidi ya theluthi moja ya kimo chake.

Juu kileleni tafuta shimo. Kibonyeo cha duara katikati mara nyingi ni wezi wa mali au wachimbaji wa karne zilizopita waliotafuta dhahabu wakaacha, na hiyo inakwambia chochote kitakachotoka katikati kimeshavurugwa. Huko Ulaya ukikuta alama kama msalaba kileleni fikiria kinu cha upepo, maana zile mbao za msingi zilizikwa kwa umbo hilo.

Sasa mtaro. Hapa ndo napapenda kuliko pote kwa sababu unaweza kufanya hesabu. Udongo wa tuta ulitoka mahali fulani, na kama ulitoka kwenye mtaro unaolizunguka basi ujazo lazima ukaribiane. Chukua mfano tuta lenye nusu kipenyo cha mita 10 na kimo cha mita 3, ulichukulie kama koni, unapata mita za ujazo kama 314. Mtaro, tuseme mstari wake wa katikati uko mita 12 kutoka kitovu, mzunguko wake ni kama mita 75, na ukiukata kwa kisu unapata eneo la mita za mraba 4, basi umetoa mita za ujazo 300. Hesabu imekaa, mtaro na tuta ni kazi moja. Lakini ukipata mtaro umetoa 60 tu na tuta ni 314, kuna udongo umetoka kwingine, au tuta liliongezwa baadae, au nusu yake ni kilima cha asili kilichonyooshwa, na hapo umepata swali zuri la kufuatilia. Angalizo: mitaro hujaa udongo kwa miaka, ile unayoiona juu sio kina chake halisi, na udongo uliochimbwa huvimba alafu baadae unajishindilia, kwahiyo usitegemee namba zilingane mpaka nukta.

Hesabu hiyo hiyo inakusaidia kuua hadithi za wafalme. Mita 314 za ujazo, mtu mmoja akitoa na kubeba mita moja na nusu kwa siku, ni siku za kazi kama 210. Watu 20 wanamaliza kwa siku 10 na kidogo. Huhitaji dola kubwa wala watumwa elfu, unahitaji ukoo mmoja uliokubaliana. Tuta kubwa ndo linahitaji maelezo mengine.

Waulize watu, alafu uwachunguze wote kwa usawa

Ramani za zamani, picha za ndege za miaka ya nyuma, nyaraka za mashamba, na jina la mahali. Na wazee. Mimi sasa hivi naanza na wazee kabisa, sababu mnaijua. Swali langu la kwanza siku hizi sio "mnajua hadithi gani", ni "kuna mtu amewahi kuchimba au kumwaga kitu hapa?" Barabara, kisima, bwawa, machimbo, reli, mazoezi ya jeshi ya kulenga shabaha, yote yanaacha matuta.

Masimulizi yakija yapokee kwa heshima lakini yajaribu. Silbury Hill, tuta kubwa la Uingereza lenye kimo cha kama mita 30, linasimuliwa kuwa kaburi la mfalme Sil aliyezikwa na farasi wa dhahabu. Watu wakaingia kumtafuta: mwaka 1776 walichimba shimo kutoka kileleni, 1849 wakapiga handaki kutoka ubavuni, na kuanzia 1968 wakapiga handaki jingine huku televisheni ikirusha. Hakuna mfalme, hakuna farasi, hakuna hata kaburi. Upande mwingine Bigo bya Mugenyi kule Uganda, mitaro na matuta ya zaidi ya kilomita 10 kwa jumla, masimulizi ya wenyeji yanaihusisha na Wachwezi, watawala wa kale wa kwenye simulizi za kule, na uchimbaji wa miaka ya 1957 na 1960 ukaleta tarehe zinazoangukia karibu karne ya 14 hadi ya 16. Masimulizi hayawi hati ya kisheria kwa hilo, lakini yalishikilia kitu cha kweli, kwamba pale palikuwa na mamlaka kubwa kabla ya falme zilizojulikana baadae.

Na kuna hadithi za wasomi, hizi ndo hatari kuliko za wazee kwa sababu zinavaa suti. Karne ya 19 huko Marekani ilienea sana habari kwamba matuta yote yale yalijengwa na taifa fulani lililopotea, wengine wakasema Wafinisia (mabaharia wa kale wa pwani ya Lebanoni), wengine makabila ya Israeli yaliyopotea, mtu yeyote ilimradi sio wenyeji waliokuwa wananyang'anywa ardhi wakati huo huo. Ripoti ya Cyrus Thomas ya mwaka 1894 ndo iliyoizika: wajenzi ni mababu wa wenyeji asilia wa Amerika. Kwahiyo ukisikia maelezo yanayosema "watu wa hapa wasingeweza", simama hapo hapo, uliza nani ananufaika na maelezo hayo.

Tumbo la tuta

Jibu la uhakika linakaa ndani, na wenye kibali wanaweza kulifikia kwa bomba jembamba badala ya kuparua tuta zima. Huhitaji wewe kuchimba ili uelewe, unahitaji kujua cha kutafuta ukisoma ripoti yao.

Cha kwanza ni uso wa zamani wa ardhi, ile tabaka nyeusi ya udongo wa juu, na mizizi yake, iliyofunikwa siku tuta lilipoanza. Kama ipo, na juu yake kuna udongo wa aina nyingine, basi mtu ameweka. Kama haipo na tabaka zinashuka moja kwa moja mpaka kwenye mwamba bila kukatika, ni asili. Uso ule ni kama picha ya siku moja: chavua zake zinakwambia palikuwa na msitu au malisho, konokono wadogo hivyo hivyo. Silbury walikuta mpaka nyasi na wadudu vimehifadhika chini kule.

Cha pili ni mabaka. Mtu akibeba kikapu cha udongo mwekundu akamwaga, mwenzake akaja na cha udongo wa mfinyanzi wa kijivu akamwaga pembeni, ukilikata tuta unaona vipande vipande kama shuka la viraka. Mto au upepo haupangi hivyo, wenyewe hutenganisha chembe kubwa na ndogo na kuzitandaza kwa mistari mirefu. Vichuguu navyo vinajulikana kwa sababu mdudu anabeba chembe anayoiweza, kwahiyo mawe makubwa yanabaki chini na juu unapata udongo laini mtupu.

Cha tatu ni mapumziko. Tuta likiachwa wazi hata mwaka mmoja mvua inaosha, majani yanaota, minyoo inaingia, na unapata kimstari cheusi katikati. Poverty Point, Louisiana, tuta lao kubwa lina mita za ujazo kama 238,000, na watafiti walipotafuta hivyo vimistari na alama za mvua katikati ya tabaka hawakuziona, wakakadiria kwamba lilipanda ndani ya siku zisizozidi 90. Hebu fikiria umati wa namna gani ule. Na Silbury ni kinyume chake, ilianza na kichungu kidogo cha kokoto kisichofika hata mita moja, wakaongeza, wakaongeza tena, inawezekana kabisa hakuna mtu mwanzoni aliyekuwa na ramani ya lile tuta tunaloliona leo. Kwahiyo "kusudi la wajenzi" wakati mwingine ni swali lisilo na jibu moja kwa sababu kizazi cha tatu hakikuwa na kusudi la kizazi cha kwanza.

Kuna matuta ambayo hayakujengwa kabisa, yalijilimbikiza. Çatalhöyük huko Uturuki ni kijiji kilichojengwa juu ya kijiji kwa zaidi ya miaka elfu moja, nyumba za udongo zinabomolewa zinasawazishwa zinajengwa nyingine juu, mwishowe una kilima cha kama mita 20. Marundo ya makombe ya pwani nayo ni hivyo hivyo, mengi ni mabaki ya chakula cha vizazi na vizazi. Ukiona majivu, vigae vya vyungu, mifupa ya wanyama na sakafu zinapishana kuanzia chini mpaka juu, acha kuuliza "waliinua kwa ajili gani", walikuwa wanaishi tu.

Tarehe, na namna zinavyodanganya

Hapa nitakaa kidogo maana ndo sehemu watu wanapigwa zaidi. Maabara ikisema mkaa una miaka 4,500, imekwambia jambo moja tu: sehemu ile ya mti iliacha kukua miaka 4,500 iliyopita. Haijakwambia tuta lina umri huo. Katikati ya siku hiyo na mkaa kukaa pale ulipo kuna safari nzima na kazi yako ni kuijua.

Safari ya kwanza, gogo la zamani. Katikati ya mti mkubwa ni kuzee kwa karne kadhaa kuliko gome lake, na watu huchoma magogo makavu yaliyolala miaka. Ndo maana mbegu au kijiti chembamba ni bora kuliko kipande cha gogo. Safari ya pili, mkaa wa mtu mwingine: wajenzi walichota udongo kwenye eneo ambalo lilishaungua au lilishakaliwa miaka elfu kabla yao, mkaa wa zamani ukaingia kwenye kikapu bila mtu kujua, na kwa hali hiyo tuta linaonekana kongwe kuliko lilivyo. Safari ya tatu ni kinyume, mizizi, panya, fuko na minyoo wanashusha vitu vipya chini, tuta likaonekana changa.

Kanuni ya kushika ni fupi: kitu kilichofunikwa chini ya tuta, bila kuvurugwa, kinaweka mpaka, tuta haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko hicho. Kitu kilichochimbiwa ndani baada ya tuta kuwepo, mfano kaburi lililokatwa kutoka juu, kinaweka mpaka wa upande wa pili. Ukiwa na mipaka miwili una kitu cha kusimamia. Ukiwa na tarehe moja inayoelea katikati ya udongo una fununu.

Kipimo kingine hupima chembe za mchanga zilionana na jua lini mara ya mwisho, sampuli inachukuliwa kwenye bomba lisiloingiza mwanga, na hiki kizuri kwa matuta kwa sababu kinagusa tukio lenyewe la kumwaga udongo. Shida yake, udongo uliobebwa kama bonge bila kutawanyika, chembe za ndani hazikuliona jua, kwahiyo zitadai ni za kale zaidi. Hakuna kipimo kisicho na ujanja wake.

Sasa mfano mbaya. Mwezi Oktoba 2023 ilitoka makala ya kitaalamu ikidai Gunung Padang kule Indonesia ni jengo lililoanza kutengenezwa zaidi ya miaka 20,000 iliyopita. Machi 2024 jarida likaiondoa makala hiyo, na sababu ni ile ile tunayoongea: udongo uliopimwa haukuwa na zana, wala mfupa, wala kitu chochote cha binadamu kilichoambatana nao. Umri wa udongo unaweza kuwa sahihi kabisa, lakini udongo wowote ule ukichimba una umri.

Na mfano mgumu, wa haki. Serpent Mound, Ohio, tuta la umbo la nyoka lenye urefu wa kama mita 411. Uchimbaji wa mwaka 1991 ulitoa mkaa wa karibu 1070 BK. Baadae timu nyingine ikachukua sampuli kwa mabomba ikapata karibu 300 KK. Tofauti ya zaidi ya miaka 1,300! Kambi moja inasema lilijengwa zamani likaja kukarabatiwa, kambi nyingine inasema mkaa ule mkongwe ni wa uso wa ardhi wa zamani tu na tuta ni la baadae. Ukishaelewa zile safari tatu hapo juu unaona wazi wanachobishania: hakuna anayesema maabara imekosea, wanabishana mkaa ulifikaje pale.

Kazi ya tuta

Usiseme kaburi kwa sababu kuna mifupa, na usiseme sio kaburi kwa sababu haipo. Watu wamezika wapendwa wao kwenye matuta ya kale mara nyingi mno, tuta likiwa limeshasahaulika lilikuwa la nini. Na Sutton Hoo, kule Uingereza, mwaka 1939 walikuta meli nzima ya urefu wa kama mita 27 imezikwa na hazina yake, yani mbao zilishaoza zikabaki misumari ya chuma na alama kwenye mchanga, lakini mwili hakuna. Mchanga wa pale una asidi, unakula mifupa. Baadae vipimo vya kemikali vikaonyesha fosfati nyingi (kemikali inayobaki mwili na mifupa vikioza) mahali mwili ulipotakiwa kuwa. Kwahiyo kabla ya kusema "hamna mifupa" uliza kwanza udongo huu unahifadhi mifupa?

Jefferson naye alifanya jambo la maana. Watu walimwambia tuta lile ni kaburi la wapiganaji waliokufa vitani. Alipolikata akakuta mifupa iko kwa tabaka zinazopishana, haina majeraha, na ya watoto wamo. Akasema hii sio vita. Hakujua ni nini kwa uhakika wote lakini alijua ni nini siyo, na kwa karne ile inatosha kabisa.

Neno "la kiibada" mimi nalikwepa mpaka nibanwe. Limekuwa kapu la kutupia kila kitu tusichokielewa. Sema ulichoona: moto uliwashwa hapa mara nyingi, hakuna makazi, njia inaelekea mashariki. Msomaji atajaza mwenyewe.

Usichimbe

Naomba hili ulichukulie kwa uzito. Nchi nyingi zina sheria kali na mahali penye mifupa pana wazao wake, hata kama hawapo kwenye mkutano wako. Lakini hata ukiacha sheria, shimo haliponi. Mwaka 2000 kileleni kwa Silbury lilifunguka shimo kubwa, lile la 1776 lilikuwa halikujazwa vizuri, na mpaka 2007 wahandisi ilibidi warudi ndani kujaza mahandaki ya watu waliokwishakufa. Piga picha, chora, andika mahali, peleka kwa mamlaka ya mambo ya kale. Kipimo cha sumaku na kile cha umeme wa ardhini vinaweza kuonyesha mitaro iliyojaa na moto wa zamani bila kugusa jani.

Kuandika jibu

Andika kila swali na jibu lake kivyake, na nguvu ya jibu. Mfano: ni la watu, hakika, kwa sababu ya uso uliofunikwa na mabaka ya vikapu. Lilianza baada ya tarehe fulani, kwa sababu ya mbegu zilizokuwa chini yake. Lilipanda angalau mara mbili, inaelekea, kuna kimstari cheusi kimoja. Kazi yake ya kwanza haijulikani, na hapo weka nukta, usiongeze sentensi ya kujifariji.

Alafu mstari wa mwisho naandika ni kitu gani kikipatikana nitabadilisha kauli yangu. Kwa lile duara langu la satelaiti ningetakiwa niandike "kikionekana kitu chochote cha kisasa ndani ya udongo, hadithi ya mtawala imeisha." Mwenye shamba tulipomaliza kuongea alinipeleka upande wa pili wa tuta akanionyesha kwa kidole cha mguu, kulikuwa na kipande cha tairi kimechomoza.